Bomba Lililokomea kwa Ma Elina

Hapa Kashai, mjini Bukoba, ninapoishi sasa, vijana wa bodaboda hunikalisha kwenye benchi lao na kuniomba niwasimulie vita. Wanajua nilikuwa mwanajeshi kwa zaidi ya miaka thelathini, wanaona mgongo wangu bado umenyooka, basi wanadhani nina hadithi za mahandaki na milio ya risasi. Ninawasikitisha kila mara. Hadithi zangu zote ni za saruji, misumari na barua zilizochelewa. Adui mkubwa niliyewahi kupambana naye ni mchwa, na alinishinda.

Ninyi makarani wapya wa ofisi ya miradi mmeniomba niwaandikie uzoefu wangu. Uzoefu ni jina la heshima mnalowapa wazee kwa mambo waliyoyaharibu. Nitawaandikia, ila msitegemee mpangilio. Nikianza kupanga nitatengeneza jedwali, na jedwali ndilo lililoniponza.

Jina langu ni Zuberi, Afisa Mteule Daraja la Pili mstaafu, mzaliwa wa Bakoba, mtaa mmoja wa Bukoba. Babu yangu alitoka Tanga akaja Bukoba na cherehani yake, akaoa, akabaki. Nyumbani tulisema Kiswahili tu. Kwa hiyo Kihaya changu ni cha kuulizia bei ya ndizi sokoni, na hata hiyo bei nikitajiwa kwa haraka huwa naitikia tu nisichokielewa. Jambo hili lilinipa aibu tangu utotoni, na aibu hiyo ilikuja kuingia kazini kwangu bila mimi kuiona.

Nianze na mchwa. Nilipopelekwa ofisi ya miradi nilikuwa koplo mwenye mwandiko mzuri, na hiyo ndiyo sifa pekee iliyonipeleka pale. Tulikuwa tunajenga ghala. Nikaona ni busara kuagiza milango mapema, milango mizuri ya mbao. Ikafika yote, imepakwa vanishi, inang'aa. Kuta hazijaanza. Nikaipanga chini ya turubai jembamba, nikaandika kwenye ripoti kwamba kazi ya milango imekamilika, nikasifiwa. Kuta zilipokuja kumalizika, nilienda kuichukua milango yangu na niliposhika ule wa kwanza ikabaki vanishi mkononi. Ndani mlikuwa na hewa na mchwa.

Mkuu wangu wakati huo alikuwa Staff Sajini Mgaya, mtu wa Iringa, mfupi, mpole, mwenye futi ya kupimia mfukoni saa zote, hata siku ya gwaride. Nilidhani atanichana. Akautazama ule mlango, akanitazama mimi.

"Zuberi, hii milango uliiona lini mara ya mwisho?"

"Nilipokea taarifa yake kila wiki, afande."

"Sikukuuliza habari za taarifa. Umeona, au umeambiwa?"

Hilo ndilo swali alilokuwa nalo. Ukimwambia mchanga umefika, anauliza: umeona, au umeambiwa? Ukimwambia fundi anaumwa, ni hivyo hivyo. Tulimcheka kwa siri, tukamwita Bwana Umeona. Baadaye alistaafu akarudi kwao kulima, nami nikarithi kiti chake. Futi yake sikuirithi. Nilimwona ni mtu wa zamani.

Mkitaka ushahidi kwamba kiti hakimfundishi mtu kitu, chukueni mpango wangu wa kwanza nikiwa mkuu. Kulikuwa na rafiki yangu kwenye kikosi kimoja cha huko nchi kavu, akanitumia mpango wao wa kujenga nyumba za askari. Mpango safi, kurasa arobaini. Nikabadilisha jina la kikosi na tarehe, nikaupeleka juu kama wangu. Hakuna aliyeugusa mpaka kazi ilipoanza. Ndipo mafundi wakaniuliza kwa nini wiki tatu zimetengwa kwa ajili ya kumwagilia barabara ili kupunguza vumbi. Kikosi chetu kilikuwa Muleba! Mahali ambapo mvua ikikosa siku nne watu wanaulizana kulikoni. Na miezi ile ambayo mpango ulisema ni ya kiangazi, matofali yetu yalikuwa yanayeyuka uani.

Juu ya hayo, mpango ule haukuwa na senene, wale panzi wa kuliwa. Mgeni yeyote akipanga kazi Kagera bila kuacha nafasi ya msimu wa senene, anajidanganya. Wakianguka, hakuna fundi, hakuna kibarua, hata mlinzi wa lango unamkuta na debe. Nilishawahi kuandika barua ya onyo kwa kibarua aliyetoroka kazini kwa ajili ya senene, kisha jioni yake akaniletea sahani ya waliokaangwa vizuri. Nilikula wote. Barua ikabaki mezani.

Sasa tuje kwenye ubao.

Nilipelekwa Mwanza kwa semina ya siku tano ya usimamizi wa miradi. Hoteli nzuri, chai mara mbili kwa siku, na mwalimu aliyevaa suti na kuonyesha picha ukutani. Nilirudi nimevimba kichwa. Nikaanzisha fomu za kila Ijumaa. Nikaanzisha kundi la WhatsApp la wasimamizi wote wa miradi, ambamo kazi ya kila mtu ilikuwa kuandika "Imepokelewa, afande". Na juu ya yote nikatundika ofisini ubao mkubwa wenye miraba: kijani kwa kazi inayokwenda vizuri, njano kwa inayosuasua, nyekundu kwa iliyokwama. Kila mradi na mraba wake, kila mraba na pini yake. Mtu akiingia mlangoni anaona hali ya kikosi kizima kwa kutupa jicho mara moja.

Halafu, kwa ujanja wangu mwenyewe, nikaongeza kanuni. Atakayeripoti nyekundu aambatanishe maelezo ya maandishi, nakala tatu, na afike mwenyewe ofisini kuyatetea. Nilidhani ninajenga uwajibikaji. Baada ya mwezi mmoja ubao wote ulikuwa kijani. Nilisimama mbele yake na kikombe changu cha chai nikijiona hodari. Pakiti ya pini nyekundu ilikuwa haijafunguliwa, na mimi nilichukulia hiyo kuwa dalili ya mafanikio.

Kamanda wetu aliupenda ubao ule. Alikuwa mtu mwenye sauti ya chini, asiyependa maneno mengi, na alianza kuleta wageni waje wauone. Minong'ono ikaanza kwamba jina langu liko kwenye orodha ya kupandishwa Daraja la Kwanza. Mke wangu alishaanza kulizoea hilo jina. Akawa ananiita hivyo akitaka nimletee kuni.

Kati ya miraba ile ulikuwepo mmoja ulioandikwa "Mradi wa Miundombinu ya Maji, Awamu ya Pili". Jina hilo nililitunga mimi. Kwa lugha ya watu, ulikuwa mradi wa kupeleka maji kwenye zahanati.

Zahanati ya kikosi iko nje ya uzio, kando ya barabara kuu, upande wa Izigo, ili familia za askari na wanakijiji waitumie pamoja. Palikuwa na chumba kipya cha kujifungulia, kitanda kimefika, bado kimefungwa nailoni. Lakini daktari wa wilaya alikataa kukiruhusu mpaka maji ya bomba yatiririke ndani, na alikuwa na haki. Kwa hiyo akina mama waliendelea kukimbizwa Bukoba, wengine kwenye gari letu likiwepo, wengine kwenye pikipiki.

Aliyebeba mzigo huo ni Sajini Advera, muuguzi mkunga, mwanamke mrefu wa hapo hapo Muleba, anayepiga saluti vizuri kuliko wanaume wote niliowajua na kukusema bila kuushusha mkono. Alikuja ofisini kwangu asubuhi moja, akausoma ubao kwa muda mrefu.

"Afande, ubao unasema maji yamefika zahanati."

"Asilimia mia, Sajini. Sehemu zote tatu. Pampu bondeni tayari, tenki kilimani tayari, mabomba ya zahanati tayari."

"Basi twende ukanifungulie."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kuna mama jirani wa zahanati, Anitha, mimba yake ya pili. Ya kwanza ilimpotea barabarani, nyuma ya pikipiki, kabla hawajafika Bukoba. Amebakiza wiki tatu. "Namwambia kila kliniki kwamba hii atajifungulia kwangu," alisema. "Namwambia kwa sababu ya ubao wako, afande."

Tukaenda. Nilifungua bomba la kwenye sinki mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni. Likatoa hewa. Likakohoa, likatema buibui mmoja aliyekauka, likanyamaza. Bibi mmoja kwenye foleni aliguna. Nikafungua la pili kana kwamba maji yangeweza kuwa yamejificha huko.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao sikuwahi kuuandika kwenye ripoti yoyote, kwa hiyo nauandika hapa. Mjue kwamba siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa, wiki mbili mbele. Mgeni rasmi, mkubwa kabisa, alishaalikwa kwa sababu ubao ulikuwa kijani. Sikuwaza kwanza maji yamekwama wapi. Niliwaza sherehe. Nikamwambia Advera nimepata ufumbuzi: tutaleta boza, tujaze matenki madogo juu ya paa, siku ile bomba litamwaga maji mgeni akate utepe.

Advera alilifunga lile bomba la pili.

"Na siku ya pili yake, afande?"

Nilimwambia nitalifanyia kazi, maneno ambayo sisi wa ofisini huyasema tunapotaka mtu aondoke. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa kwake, siyo yeye kwangu, nikaondoka mwenyewe.

Mchana ule nilimpigia simu mzee Mgaya, Iringa. Alikuwa shambani, nasikia jembe likigonga mawe. Nilimweleza habari za uzinduzi, za boza, za ubao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo maji yamekomea wapi?"

"Wasimamizi wote watatu wanasema sehemu zao ziko sawa, mzee."

"Zuberi," akasema, na hakuhitaji kumalizia swali. Uso ulinishuka nikiwa peke yangu ofisini.

Nikavaa mabuti ya mvua, nikaanza kulifuata bomba kwa miguu, kutoka tenki la kilimani kushuka chini. Ilinichukua robo saa tu. Miezi yote ile nilikuwa robo saa kutoka kwenye ukweli. Bomba lilishuka vizuri, limefukiwa vizuri, mpaka kwenye ukingo wa kibanja cha mtu, yaani shamba la migomba na mibuni inayozunguka nyumba. Hapo likachomoza juu ya udongo, mdomo wake umezibwa kwa kipande cha jani la mgomba kilichofungwa kamba. Nikauzunguka uzio wa miti, nikatokea upande wa pili karibu na zahanati. Huko nako kulikuwa na mdomo mwingine wa bomba, umezibwa vivyo hivyo. Mabomba mawili yalikuwa yanatazamana, na kati yao hatua kama themanini za migomba.

Nikamwita msimamizi wa sehemu ya tenki. "Afande, mchoro wangu unaishia kwenye uzio," akasema, na ni kweli. Nikamwita wa sehemu ya zahanati. "Wangu unaanzia kwenye uzio, afande." Naye ni kweli. Wote wawili walimaliza kazi walizopewa na hakuna aliyesema uongo. Kile kipande cha kati sikuwa nimempa mtu yeyote. Kwenye fomu yangu kilikuwa na mstari mmoja tu: "Mwenye shamba: ametaarifiwa", na mbele yake alama ya kijani. Mwandiko ulikuwa wangu, ule mzuri.

Kumtaarifu maana yake nilimwandikia barua. Barua tatu kwa kweli, zote na mhuri na namba ya kumbukumbu, zikapelekwa kwa pikipiki ya kikosi. Ya tatu niliiandika "HARAKA" kwa wino mzito. Hakujibu hata moja. Kwa nini sikwenda mwenyewe? Nimeshawaambia habari ya Kihaya changu. Mwenye shamba alikuwa mama mzee, na niliogopa kusimama uani kwa mama mzee na magwanda yangu, nikibabaika kama mtoto wa darasa la kwanza. Barua haibabaiki. Ninawaambia haya kwa sababu kila ofisi niliyowahi kuiona ina karatasi nyingi zilizoandikwa na mtu anayeogopa kwenda mahali.

Nilipiga hodi kwake siku ile ile, na faili mkononi. Ma Elina alitoka, mama mwembamba, kitambaa kichwani, miwani iliyofungwa uzi. Wahaya humwita mwanamke Ma kwa jina la heshima, nasi tufanye hivyo. Nikatoa salamu yangu ya Kihaya niliyoifanyia mazoezi njiani. Alinitazama kwa huruma, akaniitikia kwa Kiswahili safi cha shule.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hupewa atafune. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nilichukua punje mbili nikazitia mfukoni, nikamwambia asante mama, nina haraka kidogo, nimekuja kuhusu barua.

Uso wake ukafunga. "Kama una haraka, nenda kwanza umalize haraka yako. Ukipata nafasi ya kukaa, njoo."

Nikafukuzwa hivyo, kwa upole, na faili langu. Mzaliwa wa Bakoba mimi, niliyekua nikiona watu wakipeana akamwani kila nyumba, naitia mfukoni kama risiti. Ninyi mnaocheka, chekeni, ila mjiangalie.

Kesho yake nilirudi bila magwanda, bila faili, na mche wa sabuni na kilo mbili za sukari. Nikakaa. Nikatafuna. Tukaongea habari za mvua, za mnyauko wa migomba, za babu yangu na cherehani yake. Kumbe babu alishawahi kumshonea baba yake Ma Elina suti. Nadhani saa nzima ilipita ndipo akaingia ndani akaleta Biblia, na kati ya kurasa zake zikatoka barua zangu tatu, zimekunjwa vizuri, hazina hata doa.

"Nimezisoma zote," alisema. "Hii inasema naarifiwa. Hii inasema nakumbushwa. Hii inasema haraka. Hakuna hata moja iliyoniuliza kitu. Ningekujibu nini, waitu?"

Waitu ni neno lao la upole na heshima. Nikabaki natafuna.

"Na huu mstari uliouchora hapa." Alikuwa na nakala ya mchoro wangu. Akanisimamisha, akanipeleka nyuma ya nyumba kati ya migomba, akanionyesha kaburi la mume wake, na la baba mkwe wake, na kaburi moja dogo sana, jipya kuliko mengine. "Mstari wako unapita hapa, na hapa, na hapa."

Niliuchora kwa rula, wanangu. Mezani. Njia fupi kuliko zote. Ninaandika haya na bado naona haya.

Nikamwomba radhi, na safari hii kwa Kihaya changu kibovu, kwa sababu sikuona sababu tena ya kujificha. Akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo ningepaswa kulijibu kwenye mstari wa kwanza wa barua ya kwanza.

"Hivi hayo maji mnayapeleka wapi?"

"Zahanati, mama. Chumba cha akina mama kujifungulia."

Nilimwona akishika shina la mgomba.

"Hapo kwa Advera?"

"Ndiyo."

"Barua inasema miundombinu, awamu ya pili. Nilidhani mnajipelekea wenyewe, mambo yenu ya gwaride." Sauti ilianza kumkatika. "Mtoto aliyelala hapo ni mjukuu wangu. Mke wa mwanangu, Anitha, alimpoteza njiani kwenda Bukoba. Na sasa ana mwingine tumboni. Miezi minne, mwanangu, barua zako ziko kwenye Biblia yangu, Advera anamwahidi chumba kisicho na maji, na mimi nakaa hapa namwomba Mungu amfikishe salama barabarani."

Nilikuwa nimelisikia jina la Anitha mdomoni mwa Advera jana yake tu, na sikuwahi kuuliza ni wa nyumba gani. Nililia pale, mbele yake, mtu mzima mwenye cheti cha semina ya Mwanza. Yeye ndiye aliyenipangusa machozi kwa kusema, "Basi, njoo nikuonyeshe pa kupita."

Pa kupita palikuwa kando ya kijia cha mibuni, mzunguko wa hatua ishirini zaidi, bila kugusa kaburi wala mgomba hata mmoja. Angenionyesha siku ya kwanza kama ningekuja kuuliza.

Iliyofuata ilikuwa safari ya ofisi ya kamanda. Nilipitia kwanza kwangu, nikaipasua ile pakiti, nikachomeka pini nyekundu kwenye mraba wa maji. Kwa kuwa mkono ulishaanza, nikaipitia miradi mingine yote ambayo nilikuwa sijaiona kwa macho, nayo nikaichomeka njano. Ubao ulionekana kama migomba iliyopigwa na ugonjwa. Kisha nikasimama wima mbele ya kamanda nikamweleza yote, hata la boza, hata la akamwani mfukoni, nikamwomba uzinduzi uahirishwe.

Alifunga faili lililokuwa mbele yake. "Mgeni rasmi ameshathibitisha, unajua?"

"Najua, afande."

"Na mimi nimwambie nini?"

"Mwambie ubao wa Zuberi ulikuwa wa uongo, afande."

Akainuka, akaja mpaka ofisini kwangu kuutazama. Alipoona ile nyekundu alikaribia akaigusa kwa kidole. "Nimekuwa nikijiuliza," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "ni kikosi gani duniani hakina tatizo hata moja." Akaahirisha uzinduzi kwa simu, akiwa amesimama pale pale. Ile kanuni ya nakala tatu akaifuta siku hiyo hiyo. Daraja la Kwanza sikulipata, wala sikuliuliza tena. Mke wangu naye akarudi kuniita Zuberi, na kuni akanituma vilevile.

Tulichimba siku tisa. Nilikuwa nimekadiria nne, lakini mvua haikusoma makadirio yangu. Ma Elina alikuja kwenye mfereji kila asubuhi na fimbo yake na miwani ya uzi. Hakuuliza asilimia. Aliuliza, "Jana mlisema mtafika kwenye mbuni ule. Mbona mko huku?" Askari wakawa wanamwogopa kuliko mimi. Siku moja alimsimamisha koplo na kumwambia bomba lake limelala juu juu, jembe la mtu litalikata. Tukapima, tukakuta ana haki, tukafukua hatua kumi na kurudia. Niliazima futi kwa fundi kwa ajili hiyo, na sikuirudisha.

Maji yalifika zahanati siku ya Jumanne. Daktari wa wilaya alikuja Alhamisi, akafungua kila bomba mwenyewe, akaacha la sinki likimwaga dakika nzima huku akitazama saa, akasaini ruhusa. Ijumaa asubuhi nikachukua fomu ya makabidhiano, nikaenda kumtafuta Advera aweke sahihi, ili angalau mradi huo ufungwe kabla mgeni rasmi hajapangiwa siku nyingine.

Nilimkuta Ma Elina kwenye benchi la nje, mikono imeshikana. Mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa.

"Anitha?" niliuliza.

"Tangu alfajiri. Amekuja kwa miguu yake."

Nikakaa kando yake. Fomu nikaiweka magotini. Ndani tulimsikia Advera akitoa maagizo kwa sauti ya utulivu, na tulisikia maji, yakifunguliwa, yakifungwa, yakifunguliwa tena. Sikuwahi kufikiri kwamba mkunga hutumia maji mara nyingi kiasi kile. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa, kwa sababu Ma Elina alikuwa ameushika mkono wangu na kuubana kwa nguvu.

Kisha mtoto akalia.

Advera alitoka baada ya muda, mikono bado inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Hakunipigia saluti. Alimtazama Ma Elina.

"Ni binti, mama. Wote wawili wazima."

Ma Elina alilia kwa Kihaya, maneno mengi ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kutafsiriwa. Alipomaliza alifuta miwani kwa ncha ya kitenge, akaivaa, na macho yake yakatua kwenye karatasi iliyokuwa magotini mwangu.

"Sasa umeona. Andika, waitu," akaniambia.